Waridi Lililovuliwa Rangi

"Hivi wewe, Mungu kayapaka maua rangi zote hizo, wewe unazifuta za nini?" Ndivyo jirani yake, mshona viatu wa mlango wa pili, alivyomuuliza siku moja, kasimama kizingitini na kandambili ya mtu mkononi.

Fundi Picha hakuinua macho kwenye kompyuta. "Sizifuti. Nazipumzisha."

Ndivyo alivyo, mpole, na utani wake wa chinichini. Chumba chake cha kazi ukiingia na mkoba, mmoja wenu lazima atoke. Kutwa nzima anapiga picha za vitambulisho za watu walionuna. Wakiisha hao, hujipa raha ya kupiga picha za maua na kuyavua rangi.

Ila safari hii hayakuwa raha. Mama mkwe wake alikuwa anahamia kwa binti yake mwingine Jumamosi, na walionunua nyumba walishasema waridi la mlangoni wataling'oa, wajenge ukuta. Waridi hilo alilipanda marehemu baba mkwe, ambaye picha yake ya kahawia, ya zamani, ilikuwa sebuleni miaka yote.

"Nipigie waridi picha, nikawatundike pamoja," mama mkwe alisema. "Lakini wafanane. Wekundu ule ukikaa pembeni yake, utamchakaza mume wangu."

Fundi akalipiga picha asubuhi, jua likiwa changa. Akabonyeza kitufe cha kuondoa rangi, akatia kahawia, akachapa, akaipeleka mbio. Mama mkwe akavaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena.

"Majani mazuri, mwanangu. Ua liko wapi?"

"Si hilo hapo katikati, Mama?"

"Hilo? Mimi nilidhani kabichi."

Fundi alicheka kwa adabu, lakini njia nzima masikio yalimwaka moto. Mkwe ni mkwe, na Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Aliporudi kwenye kompyuta akaliona kosa lake. Waridi jekundu na majani ya kijani, jicho huvitenganisha kwa rangi tu. Ukiondoa rangi kwa mkupuo, vyote vinabaki kijivu kimoja, kama mapacha waliovishwa sare. Akamwomba Mungu amtulize mkono, akaanza upya. Akaupandisha mwanga wa nyekundu peke yake, kidogo kidogo, ua likaanza kung'aa. Akaushusha wa kijani, majani yakarudi nyuma gizani. Akazidisha, mikunjo ya ua ikapotea, likawa kama karatasi, akapunguza.

Mshona viatu akachungulia. "Naona kabichi limeondoka sokoni."

"Nani kakwambia habari za kabichi?"

"Mama mkwe wako alipita kuchukua viatu."

Mwisho ilikuja kahawia. Picha ya marehemu alikuwa ameipiga kwa simu, akailinganisha na kazi yake mpaka zote mbili zikawa na rangi ya chai iliyokolea.

Ijumaa akaikuta nyumba imejaa maboksi. Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili, akamfunua marehemu kutoka kwenye shuka alilomfungia, akawaweka bega kwa bega kitandani. Miwani hakuitafuta.

"Haya, hili ndilo lake," alisema. "Sasa nikupe nini, mwanangu?"

Fundi akatazama nje ya dirisha. Waridi lilikuwa pale pale, jekundu, halina habari.

"Mama, kabla hawajaling'oa, nikatie kitawi kimoja nikapande kwangu."