Baada ya Mamajusi Kuondoka

Sogea karibu unisikilize, ndugu msomaji, maana habari niliyo nayo leo haifai kusomwa mbiombio. Mama mmoja wa kanisa letu, huku juu ya Kapsoit, ametutoka. Alifariki nyumbani kwake wiki ya kwanza ya Januari, tukamzika pembeni mwa shamba lake la chai huku matawi ya Krismasi yangali kwenye nguzo za kanisa, yamekauka na kuwa rangi ya kahawia. Baada ya mazishi nilisikia akina mama wakiulizana, “Sasa nani atayashusha?” Kupamba kanisa tulikuwa tukipamba sote, kwa nyimbo na vicheko. Kushusha alishusha yeye.

Kwa msomaji asiyejua desturi yetu, wacha nieleze. Wiki moja kabla ya sikukuu vijana hukata matawi ya mberoshi, wakayafunga kwenye nguzo, wakatundika baluni na karatasi za rangi, kisha wakanyunyiza pamba juu yake iwe theluji. Mama huyu, ambaye wengi tulimwita kogo kama tunavyowaita nyanya zetu huku, hakuipenda hiyo pamba hata kidogo. “Theluji ya nani?” aliwauliza vijana mwaka mmoja. “Nyinyi mmewahi kuona theluji? Kama mnataka barafu, wekeni mvua ya mawe. Hiyo tunaijua, ndiyo inatumalizia chai.” Vijana wakacheka, wakaibandika vivyo hivyo. Mamajusi walipokwisha kusomwa kanisani, yaani Jumapili ile ya mwanzo wa Januari, Jumamosi iliyofuata kogo alikuja na panga na kamba. Aliitoa pamba kipande kwa kipande, akafungua baluni moja moja bila kupasua, akafunga matawi yawe kuni. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Watoto waliokimbia ndani ya kanisa walimwogopa kuliko mchungaji.

Kuna Januari moja ambayo sijaweza kuisahau. Ulikuwa mwaka wa fujo za kikabila, na mnaokumbuka miaka ile mwanzoni mwa tisini hamhitaji nieleze zaidi. Mama mmoja aliyetoka upande wa ziwa, muuza omena, wale dagaa wadogo, sokoni Kapsoit, alichomewa nyumba. Mumewe alikwenda kutafuta mahali pa kuwahamishia, naye akaja kanisani na watoto watatu. Tulimpa chumba cha nyuma. Ilikuwa wiki ya Krismasi, na kila mtu alikuwa mwema: huyu alileta maziwa, yule blanketi, mwingine unga. Siku yenyewe ya sikukuu watoto wale walikaa benchi la mbele, tukawapigia makofi walipoimba.

Lakini sikukuu ilipopita, maziwa yakapungua, na uvumi ukaanza kwamba kanisa likiendelea kumweka mama yule litachomwa nalo. Kamati ikakutana. Mzee mmoja akasema, “Jamani, mgeni siku mbili.” Wengine wakatikisa vichwa. Nami, niliyekuwa mwandishi wa kamati, nikachukua kalamu nikaandika kwa hati yangu nzuri ya ualimu kwamba chumba cha nyuma kiachwe wazi kufikia Jumamosi, ili kanisa lirudi katika hali ya kawaida baada ya Krismasi. Nikalibandika tangazo hilo mlangoni. Nilijua mumewe hajarudi. Nilijua hana pa kwenda.

Jumamosi kogo akaja na panga na kamba yake. Akalisoma tangazo hadi mwisho.

“Mwalimu, hii umeandika wewe?”

“Ni kamati, kogo.”

“Kamati haina mkono. Huu mkono ni wako, umefundisha watoto wangu.” Akanitazama. “Anaenda wapi?”

“Hatukuandika.”

“Si mngeandika basi, tujue.”

Mzee wa kamati akaja kunisaidia. “Kogo, wahenga walisema, mgeni siku mbili...”

“Malizia, mzee. Mbona unakatia njiani? Ya tatu mpe jembe. Mimi niko na kikapu cha kuchunia chai nyumbani.” Kisha akanigeukia tena. “Mwalimu, wewe unasoma Biblia kuliko mimi. Wale mamajusi wakishaenda zao, Yusufu alifanya nini?”

“Alimchukua mtoto na mama yake, akakimbilia Misri.”

“Na kule Misri nani alimpa nyumba?”

“Biblia haisemi.”

“Haisemi, lakini kuna mtu alimpa. Mtoto hakulala barabarani mpaka Herode akafa.”

Alipanda kwenye benchi akashusha matawi yote, nasi tukimwangalia. Alipomaliza aliyaacha hapo chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja, akaenda chumba cha nyuma, akajitwika godoro la mama yule kichwani. “Twende, mama watoto,” alisema. “Kwangu kuna moshi, lakini kuna mlango.”

Alilipia wema huo. Wachunaji aliowazoea hawakuja kwake tena, na chai haina subira: ukikosa zamu moja, chipukizi hukomaa na karani anayepokea majani huyakataa. Kwa hiyo wanawake wale wawili wakaingia shambani wenyewe. Asubuhi moja nikipita na baiskeli niliwasikia.

“Hiyo ni ya mbuzi!” kogo alifoka. “Majani mawili na kichwa chake katikati. Mawili! Kwani kwenu hakuna mbili?”

“Wewe nyamaza, kogo. Juzi si ulitupikia omena na mchanga wake?”

Wakacheka hadi wakashikilia miti ya chai. Nami nikasimama barabarani na aibu yangu. Nikalaza baiskeli kwenye majani, nikaingia mstari wa tatu, nikaanza kuchuna. Kogo hakunisifu. Alisema tu, “Mwalimu, mikono yako ni laini, anza na ya chini.” Wiki iliyofuata jirani mmoja alikuja, halafu mchunaji mmoja wa zamani akarudi. Sitasema kwamba wote walirudi. Wapo ambao hawakumwamkia tena mpaka anazikwa. Lakini mvua ya Machi ilipoanza, mume wa yule mama alirudi, amepata kazi na nyumba ya wafanyakazi katika shamba moja kubwa la chai, na watoto watatu wakaondoka kwa kogo wakiwa wazima, wamenenepa kwa mursik, maziwa yetu ya mgando.

Tangu hapo nimeufikiria sana mwisho wa Krismasi. Sisi Wakristo tumejifunza kuipokea sikukuu, tena tunaipokea vizuri. Ni kuihitimisha ndiko kunakotushinda. Tunadhani ikiisha, kila kilichokuja nayo kinafungashwa pamoja nayo, hata ukarimu. Kumbe Injili inatuonyesha kinyume. Wenye zawadi wanapoondoka ndipo shida ya familia ile inaanza hasa, na ndipo inahitaji mtu asiye na dhahabu wala uvumba, mwenye mlango tu. Desemba kumpenda mgeni ni rahisi kwa sababu kila mtu anatazama na kila mtu anaimba. Mapenzi ya Januari hayana kwaya. Lakini yapo, nimeyaona kwa macho yangu yakipita mlangoni na godoro kichwani, na kwa sababu hiyo sikati tamaa juu ya nchi hii wala juu ya majirani zangu. Sikati tamaa hata juu yangu mwenyewe, niliyeandika lile tangazo. Mtu huweza kuandika vibaya Ijumaa, akachuna vizuri wiki ya pili.

Basi ukitaka kumkumbuka mama huyu, fanya hivi. Jumapili hii ibada ikiisha, usitoke haraka. Kaa kwenye benchi lako kidogo, uangalie ni nani hana haraka ya kwenda nyumbani. Nenda ukakae karibu naye, umuulize leo analala wapi, na usisimame mpaka amekujibu.