Blanketi la Tangi

Nimechoka na wageni rasmi. Wiki jana nilikuwa kwenye benchi la zahanati moja upande wa Kendu Bay, nikimngoja dada yangu aliyekuwa amejifungua. Nje ya wodi kuna tangi la mafuta maalumu. Mchana umeme wa sola huyapasha moto mafuta hayo, na usiku joto lake hupasha maji ya kuogea akina mama. Tangi limefungwa blanketi nene ili joto lisipotee.

Msafara wa wageni hao ukafika. Mkubwa wao akaweka kiganja juu ya tangi, akakiondoa, akakitazama.

"Mbona iko baridi?"

"Joto iko ndani, mheshimiwa," mhudumu wa wodi akamjibu. "Ukiisikia huku nje, ujue inapotea."

"Na hawa wa kamera watapiga nini?"

Msimamizi wa zahanati akaamuru blanketi litolewe. Kiganja kikarudi, kikaruka kwa moto, na wote wakapiga makofi.

Jana nilimrudisha dada kliniki, pale pale zahanati. Blanketi bado limekunjwa stoo, maana wageni wengine wanatarajiwa. Siku hizi kitu kikifanya kazi yake kimyakimya hatukiamini, mpaka kituunguze mbele ya kamera.

Kupitia mlango wa wodi nilimwona mama aliyejifungua alfajiri akichovya vidole kwenye beseni la maji.

"Mbona iko baridi?"

Mhudumu, yule yule, alilitazama tangi kupitia dirisha.

"Joto iko nje, mama."