Flaiwili ya Mama Mkwe

Yule fundi mchonga vyuma hakumwogopa mtu isipokuwa mama mkwe wake, na balaa lilikuwa kwamba mama mkwe ndiye dereva. Mama wa miaka hamsini na kitu, anaendesha gari la mashindano kama anayefukuzwa na nyuki! Akiingia gereji akasema "kata", mkwewe anakata.

Alitaka flaiwili ipunguzwe, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka nyuma ya injini. Fundi akaipunguza. Injini ikachangamka kweli, ukigusa mafuta tu inanguruma. Lakini chuma kizito kikishazunguka hakisimami ovyo, na chepesi hukata roho upesi. Mashindano yakaanzia mlimani. Mama mkwe akaachia klachi, gari likamzimikia, akaliwasha, likazima tena. Wenzake wakamwacha kwenye vumbi, watazamaji wakampigia miluzi arudi jikoni.

Fundi alilijua hilo tangu mwanzo. Lakini angeanzia wapi kumbishia mama wa mkewe?

Wiki ya mashindano mengine, mama mkwe akaja na flaiwili ileile mkononi. "Bado nzito hii, baba. Kata tena."

Fundi akafuta mikono, akatazama sakafu. "Shikamoo, mama," akasema, ingawa alishamwamkia. "Sikati."

"Unasemaje?"

"Hii ndiyo iliyokuzimikia mlimani. Nitakufungia nzito zaidi. Uzito tuutoe kwenye pistoni, zile zinazopanda na kushuka. Injini itabaki nyepesi, na mlimani haitazima."

Mama mkwe akamkazia macho. "Kwa hiyo siku ile ulijua?"

"Nilijua, mama. Niliona haya."

Mama mkwe akaondoka bila kuaga. Fundi alikosa raha siku nzima, lakini flaiwili nzito aliifunga, na pistoni alizichonga, akazipima hadi zote zikalingana.

Siku ya mashindano gari lilipanda mlima bila hata kukohoa, likamaliza la pili. Fundi aliruka mpaka kiatu kikamtoka. Mama mkwe aliposhuka na kuvua helmeti, akamkuta mkwewe ameinamisha kichwa, anangoja hukumu.

"Nyumbani mimi ni mkweo, inama utakavyo," akamwambia. "Hapa mimi ni dereva wako. Usiniheshimu tena mpaka nikachekwa."

Fundi alifurahi kuliko alivyofurahi siku ya harusi yake, ila hilo mkewe hajaambiwa.