Miche Niliyompa Shangazi Leokadia

Usiku ule nililala mapema, kwa sababu asubuhi yake binti yangu Jovina alikuwa anakuja na gari la kukodi kuchukua miche ya migomba. Anaanza shamba upande wa Karagwe alikoolewa, na mtu wa kwetu haanzi shamba bila miche ya kwao. Mchana kutwa nilikuwa nimeichimba. Ilikuwa imepangwa uani, miche thelathini, kila mmoja na donge lake la udongo, kama tunavyopeana siku zote. Kwetu mche unaombwa na unatolewa, na udongo wake mzito ndiyo heshima yenyewe. Ukimpa mtu mche uliomenywa ukabaki mweupe, ataona umempa makapi.

Nieleze kwanza jambo ambalo sikuwahi kumweleza mtu, maana bila hilo ndoto yenyewe haina maana.

Miaka minne kabla ya usiku huo nilichaguliwa kuwa mkulima wa mfano wa kijiji chetu, nikapelekwa kwenye mafunzo. Mimi ni mtu wa kupenda sifa, sikatai. Tuliambiwa kila mmoja aje na mizizi ya mgomba wake. Mtaalamu, msichana wa umri wa Jovina, aliipasua mizizi, akailoweka, akaweka tone la maji yake chini ya hadubini na kutuita mmoja mmoja. Alitueleza kwamba udongo umejaa minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, wataalamu wanaiita nematodi. Wengi wao hawana ugomvi na mkulima. Wapo wanaosaidia kugeuza uozo kuwa chakula cha mimea, na wapo wanaomwingia funza wa shambani wakamuua, ukabaki unashukuru bila kujua unamshukuru nani. Lakini wapo pia wanaoingia ndani ya mzizi wa mgomba na kuula humo humo, hadi mgomba unakosa cha kushikia ardhi. Nilipoinama kuangalia, niliwaona wakijinyonganyonga kama vipande vya uzi. Yule msichana alishusha sauti wenzangu wasisikie. "Hawa ni wa kwako, mzee."

Alitufundisha na la kufanya. Umenye tunguu la mche, yaani kile kichwa cha chini kinachotoa mizizi, mpaka ufike kwenye weupe. Ulichovye kidogo kwenye maji yanayochemka, kisha upande mahali ambapo migomba haijalimwa muda mrefu. Niliandika yote kwenye daftari.

Niliporudi, kwenye mkutano wa kijiji nilisimulia habari za minyoo wasaidizi. Watu walicheka sana nilipowaambia wana askari chini ya ardhi wasiodai mshahara. Kuhusu wale wengine nilisema wapo, ila huko mikoa mingine.

Mwezi ule ule shangazi yangu Leokadia, dada wa baba, alikuja kuniomba miche. Mumewe alikuwa amefariki, naye amerudi nyumbani akapewa kona ya ardhi ya ukoo. Hakuwa na kitu kingine cha kumlisha. Ningeweza kuimenya miche ile, lakini kisu kingetoa madoa ya kahawia mbele ya macho yake, na kesho yake kijiji kizima kingejua shamba la mkulima wa mfano lina ugonjwa. Nikampa miche arobaini na udongo wake. Alinibariki kwa kunishika kichwa.

Mwaka wa pili, mvua za Novemba zilipokolea, migomba yake ilianza kuanguka. Ilianguka na mikungu michanga, mizizi juu, imebaki vigutu vyeusi. Aliiegemeza kwa miti, hadi miti ikawa mingi kuliko migomba. Jirani aliyepakana naye, Ma Yustina, miche yake aliitoa kwao mbali, na migomba yake ilikuwa imesimama vizuri. Huo ndio ukawa ushahidi. Shangazi alisema hadharani kwamba Yustina amemroga, na watu wakalidaka. Watoto wakakatazwa kupita kwake. Shangazi alikufa mwaka jana, amekonda, akilitaja jina la Yustina hadi mwisho. Siku ya mazishi Ma Yustina alikuja na mkungu wa ndizi kama jirani yeyote anavyofanya, akazuiwa njiani. Aliutua mkungu pale akarudi, na hakuna aliyeugusa hadi ukaoza. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa msiba, na neno langu moja lingetosha. Nilikuwa nasalimia wageni.

Basi usiku ule shangazi alikuja.

Sikumwona akiingia. Nilikuwa uani, jua kali, naye alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, miguu ameinyosha, amevaa kanga tulizomzika nazo. Mkononi alikuwa na kisu cha jikoni. Hakunisalimia. Alivuta mche mmoja katika ile ya Jovina akaanza kuumenya, bila haraka, kama anayeandaa ndizi za jioni, na maganda yakawa yanamwangukia mapajani. Chini ya udongo kuna kahawia. Chini ya kahawia kuna kahawia. Anamenya, tunguu linapungua, linakuwa kama ngumi, linakuwa kama yai, halafu halipo kabisa na kisu kinapita hewani. Anavuta mche mwingine.

Nataka kumwambia aache, lakini naona haya kumkataza mkubwa wangu. Nimesimama mikono nyuma kama mtoto aliyevunja chungu.

"Weupe uko wapi, Kamugisha?"

Namwambia uko ndani zaidi, shangazi. Anaendelea kumenya.

Sijui tulitoka vipi pale uani, lakini tunatembea shambani kwake. Migomba yote imelala chini, imeelekea upande mmoja, upande wa nyumba yangu. Ile miti aliyoiegemezea imesimama peke yake. Ardhi ni laini, mguu unazama, na kutoka chini nasikia sauti ndogo isiyokoma, kama mbuzi anayetafuna majani gizani. Nageuka kumuuliza kama na yeye anaisikia. Nikimwangalia tu najua kwamba anaisikia usiku na mchana, kwa sababu tulimzika humu humu, kwenye kona ya shamba, na amelala katikati ya wale minyoo. Nilihisi uchungu ambao sikuuhisi hata siku ya kumzika.

Katikati ya shamba ipo meza ya mafunzo, na hadubini juu yake. Yule msichana hayupo. Shangazi anaweka kisu chini, anapangusa mikono kwenye kanga, anainama na kufumba jicho moja, sawasawa kama nilivyofundishwa mimi. Anaangalia kwa muda mrefu.

"Kumbe Yustina ni mdogo hivi," anasema.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, kwa kuwa alilisema kwa sauti yake ya utani ya zamani, ile aliyonitania nayo nilipokuwa natafuta mchumba. Kisha nikaona kwamba yeye hacheki. Amenyanyua uso kutoka kwenye hadubini na ananitazama.

"Uliwaona lini?"

"Kwenye mafunzo, shangazi."

"Kabla ya kunipa au baada?"

Najiambia nitasema baada. Ni neno dogo, na hakuna shahidi. Mtu akiwa macho hudanganya vizuri tu, mimi nilidanganya miaka minne bila hata kukosa usingizi, nikadhani ndotoni itakuwa rahisi zaidi. Nikafungua mdomo, na nililolisikia likitoka ni kabla.

Aliitikia kwa kichwa, kama aliyeambiwa habari ambayo ameshaisikia kwa wengine. Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Hapo watu wanaanza kuingia na mabenchi, na natambua kwamba ni msiba wake tena. Nimevaa koti langu jeusi, nasalimia wageni, nawaonyesha pa kukaa. Shangazi amesimama kando yangu, miguu mitupu, anaangalia njiani, nami naangalia anakoangalia. Ma Yustina yuko pale na mkungu kichwani. Hakuna anayemtua. Siku ile aliuweka mwenyewe chini akaondoka, lakini sasa hauweki. Amesimama tu, na mkungu unaivia kichwani mwake, unakuwa wa manjano, unakuwa mweusi, maji yake yanamtiririka usoni na shingoni, wala hayafuti. Watu wanazungumza habari za mvua.

Shangazi ananishika kichwa kama siku ile aliponibariki. Mkono ni baridi na una udongo.

"Nilikufa nikimtaja," anasema. "Mimi siwezi tena kulisafisha jina lake. Nenda wewe."

Nasema nitakwenda, shangazi. Nasema haraka haraka, kama anayetaka mgeni aage. Bado hajauondoa mkono.

"Na huyu Jovina, umemwandalia nani wa kumlaumu?"

Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Shuka lilikuwa limelowa jasho, na uani nilisikia sauti za watu na kishindo cha vitu vinavyotupwa juu ya bati la gari. Jovina alikuwa amefika, na kwa kuwa ananihurumia uzee hakutaka kuniamsha. Yeye na dereva walikuwa wameshapakia zaidi ya nusu.

Nilitoka na fulana na msuli, nikawaambia washushe. Jovina alidhani namtania. Nilichukua mche mmoja garini, nikaupasua tunguu lake kwa panga mbele yake. Ulikuwa na madoa ya kahawia iliyokaribia wekundu, nami nilijua kabla sijaupasua. Nikamwambia yote, kuanzia lile tone la maji chini ya hadubini, dereva naye akisikiliza, maana sikuwa na nguvu ya kumwomba asogee. Nilimwambia miche hii inaweza kumenywa na kuchovywa kwenye maji ya moto, au akatafute mingine kwa watu wenye mashamba mazima, na kwamba tatizo la miche lina dawa.

Jovina hakunipigia kelele. Alikuwa anampenda shangazi yangu, kila likizo alikuwa analala kwake. Aliangalia lile tunguu, akaniuliza kama Ma Yustina anajua. Nikasema hapana. Akasema, "Vaa shati, baba, twende."

Tulimkuta shambani kwake akitandaza nyasi chini ya migomba. Alipotuona aliacha, akabaki na mzigo wa nyasi mikononi. Ulikuwa umepita zaidi ya mwaka bila mtu wa ukoo wetu kukanyaga pale. Hakutukaribisha ndani, nami sikustahili. Nilisema nimesimama, na sauti yangu ilinitoka vibaya, nikarudia maneno mawili matatu. Nilimwambia kuhusu mizizi, kuhusu miche, kuhusu siku ya mkungu. Ndoto sikumsimulia. Niliona nikiitaja nitakuwa natafuta mtu wa kujificha nyuma yake.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainama, akaweka nyasi chini taratibu, akajikung'uta mikono.

"Kwamba mimi sikumroga mtu, Ta Kamugisha, nilikuwa najua tangu zamani. Kawaambie wasiojua."

Nikamwambia nitafanya hivyo. Nikamwambia nitaomba kusimama mbele ya watu Jumapili, wakitoka kanisani, watakapokuwa wengi.

"Leo," akasema.