Gitaa la Besi Halianikwi Darini

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata nikisahau jina langu, yenyewe sitaisahau: siku niliyolishusha gitaa la besi kutoka darini kwa mama, juu ya meko, nikalikuta limepinda kama upinde wa kuwindia swala. Kaa vizuri nikusimulie. Nimesikia umepewa besi kwenye kikundi chenu, na kila unayekutana naye unamwuliza spika kubwa zinauzwa wapi. Swali zuri, lakini ni la pili. La kwanza mimi nililijua kwa aibu.

Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Mchana nalima, jioni nasoma ngumbaru, darasa la watu wazima, na nilipohitimu nilijiona msomi kuliko wote kati ya Karatu na mwezi. Niliwaandikia barua hata watu niliokuwa nakula nao sahani moja. Kijiji chetu kilikuwa na vyombo vya muziki: magitaa mawili ya kawaida, besi moja, ngoma, na amplifaya moja yenye hasira. Besi nilipewa mimi, kwa sababu ya vidole vyangu virefu. Watu walisema naweza kukamua ng'ombe nikiwa nyumba ya jirani.

Mwenyekiti wa kijiji alitutamkia mbele ya mkutano, ufunguo wa stoo ukining'inia kiunoni mwake: "Vijana, nawapa mpaka siku ya kufunga mavuno ya vitunguu kule Mang'ola. Mkipiga na watu wakacheza, vyombo mtavitunza ninyi. Mkituaibisha, vinarudi stoo, na ufunguo huu nitaulalia."

Tulicheka, ila hatukulala. Chombo kikishaingia ile stoo, kilitoka kimekuwa nyumba ya panya. Bendi ingekufa kabla haijapata hata sare.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Uzi mnene wa besi ulikatika, na nyakati zile kupata uzi wa besi ilikuwa sawa na kupata jino la kuku. Nikachukua waya wa breki wa baiskeli ya baba mdogo. Waya ule una kichwa kidogo cha risasi mwishoni, unakaa kwenye gitaa utadhani ulizaliwa humo. Nikaukaza mpaka ukalia. Baba mdogo akashuka mteremko wa Rhotia kwa kasi ambayo hata ndege hawajaifikia, akasimamishwa na kichaka cha miiba. Alinisamehe baada ya mavuno mawili.

Kisha ukungu wa Karatu ukaja, ule wa kunyoosha mkono wako usiuone. Nyuzi zikaanza kukwaruza. Msomi wa ngumbaru nikapiga hesabu: unyevu umeingia gitaani. Nyumbani kwetu kitu chenye unyevu hupelekwa wapi? Darini, juu ya moto, pamoja na mbegu ya mahindi. Nikalitundika kule siku kumi na nne, nyuzi zote zikiwa zimekazwa, moshi ukilibusu asubuhi na jioni.

Nilipolishusha, zilikuwa zimebaki siku nne twende Mang'ola. Nyuzi zilikaa mbali na shingo hivi kwamba paka angepita chini yake bila kuinama. Gwandu, mpiga solo wetu, kijana wa maneno kama cherehani, alilitazama akashika kiuno.

"Tluway, hili ni gitaa au tunakwenda kuwinda?"

"Litanyooka tu," nikasema.

"Litanyooka ukilikanyaga? Mwenyekiti ameshaanza kutandika mkeka wa kulalia ufunguo."

Nilifunga gitaa kwenye blanketi, nikatembea mpaka mjini Karatu kwa Fundi Hamisi, mzee aliyekuwa akitengeneza redio na saa barazani kwake. Ujanani aliwahi kupiga gitaa huko Tanga. Alilipokea, akafumba jicho moja, akaitazama shingo kuanzia kichwani hadi chini kama seremala anavyotazama ubao.

"Bwana mdogo, lilikuwa linalala wapi?"

"Darini, Fundi."

"Juu ya moto?"

"Juu ya meko. Nilitaka likauke."

"Kwani ulitaka kulipukuchua?" Alicheka mpaka miwani ikamwangukia mapajani. Halafu akagusa uzi mnene. "Na hii?"

"Breki ya baiskeli. Ya baba mdogo."

"Naye anasimamaje?"

"Kwa miguu."

Nilidhani tutaendelea kucheka. Lakini aliweka gitaa chini polepole, akanikazia macho. "Umekaza, umetundika, umekausha. Hata siku moja umelitazama? Unapenda kelele, wewe. Gitaa hulipendi." Mwanangu, nimechapwa viboko nikiwa mdogo, vingine kwa haki na vingine kwa bahati mbaya. Hakuna kilichonifikia mfupani kama maneno yale.

Nikamwomba alitengeneze. Akakataa. Akatoa kwenye kopo la nati kifunguo kidogo kilichopinda, akanionyesha nati ndani ya tundu kichwani mwa gitaa. "Ndani ya shingo umelala msumari mrefu wa chuma. Ndio uti wa mgongo wake. Legeza nyuzi kwanza. Kisha zungusha kulia robo tu, robo moja kwa siku. Ukizidisha, chuma kinakatika, na hapo hata mimi nitakuuzia kuni. Mkono uliopindisha ndio utakaonyoosha."

"Na huu uzi wa breki?"

"Toa. Ndio unaovuta shingo. Nyuzi tatu nzima zinashinda nne zenye mgonjwa mmoja."

Besi ya nyuzi tatu mbele ya Mang'ola nzima! Nilitaka kubisha, nikakumbuka dari, nikaufungua uzi ule.

Robo ya kwanza niliizungusha palepale barazani. Hakuna kilichobadilika. Siku ya pili, robo nyingine. Shingo ikasogea kidogo kama mtu mvivu anayeitwa shambani. Gwandu akaja juu.

"Leta hicho kifunguo nizungushe mara moja tumalize! Siku zimekwisha!"

"Gwandu, ukigusa nati hii, utapalilia masika yote kwa mkono mmoja."

"Na tukiaibika?"

"Tutaaibika na gitaa zima."

Nilikuwa nimeamua, mwanangu. Kifunguo nilikifunga shingoni kama hirizi, ingawa mama alinionya kwamba padri akikiona nitatubu mpaka Pasaka. Kila asubuhi robo moja. Kila asubuhi nafumba jicho moja na kuitazama shingo. Nyuzi zangu kuukuu nilizichemsha kwa magadi kidogo kutoa mafuta ya vidole, nikazipangusa zikauke kabisa. Ni kweli nilitumia sufuria ya makande, na ni kweli nilikimbizwa na mwiko. Lakini zililia kama mpya.

Siku ya safari tulipanda lori lililokuwa linashuka kufuata vitunguu. Fundi Hamisi alikuwa amenionya: Karatu ni baridi, Mang'ola ni tanuri, na mti wa gitaa unahisi njia kama wewe. Tulipofika wenzangu walikimbilia kivuli na maji. Mimi kivuli kile nililipa gitaa kwanza, nikalifungua kwenye blanketi, nikaliacha lipumue muda wa kuchemsha maharage, ndipo nikalinganisha sauti. Bado uzi mmoja ulikwaruza mahali pamoja, kwenye chuma cha tatu kati ya vile vinavyokatiza shingo. Nati sikuigusa. Robo ya siku ile ilikuwa imeshatumika. Sauti ile nilikwenda kuitafuta juu zaidi, kwenye uzi mwingine, kama mtu anayezunguka shimo barabarani.

Amplifaya tuliiunga kwenye betri za lori, jua likiwa utosini. Gwandu alitaka aifungue mpaka mwisho. Nikamzuia: besi na sauti ya mwimbaji vilikuwa vinapita kwenye spika moja, na besi ikizidi, mwimbaji anageuka bubu anayefungua mdomo. Tukaanza chini.

Wimbo wa kwanza, hakuna aliyecheza. Watu walitutazama kama daktari wa mifugo anavyotazama ng'ombe. Mwenyekiti alikunja mikono. Wimbo wa pili niliacha kuwatazama watu, nikasikiliza ngoma, nikaweka kidole pale mguu wa mpiga ngoma unapogonga, si kabla wala baada. Kina mama waliokuwa wanachambua vitunguu wakasimama, magunia mkononi. Mmoja akatupa gunia. Wimbo wa tatu vumbi lilipanda mpaka nadhani upande wa pili wa Ziwa Eyasi walifunga madirisha.

Tulipomaliza, Mwenyekiti alikuja moja kwa moja kwangu, shati limemganda mgongoni, akainama kutazama gitaa.

"Nyuzi tatu?"

"Tatu, Mwenyekiti."

"Mimi nilisikia kumi." Akajifuta jasho. "Vyombo viende nanyi. Stoo nitaweka mbolea."

Basi mwanangu, wosia wangu ni huu. Mchagua jembe si mkulima: kabla hujatamani spika ya ukubwa wa kabati, litazame gitaa ulilonalo, kila siku, kwa jicho moja. Nyuzi zikae karibu na shingo. Katikati ya shingo njiti moja ya kiberiti ipite chini ya uzi kwa kujibana kidogo. Zikiwa mbali utaumia vidole, zikiwa karibu mno zitakwaruza. Ukipindisha kitu, kinyooshe kwa robo, wala usione haya kusubiri kesho. Usilitundike karibu na moto, usiliegemeze ukutani kama jembe, usifunge uzi usio wake. Mkanda uupime ukiwa umekaa, ili ukisimama gitaa libaki palepale. Sisi tuliovaa pekosi, zile suruali pana miguuni, tukalining'iniza magotini tulipendeza sana na tulipiga vibaya sana. Sauti iwe ndogo mpaka uwasikie wenzako wote. Na ukikosea, usitafute wa kumrushia. Wewe ndiye uliyekaza, wewe legeza.

Mungu akupe vidole visivyochoka na sikio lisilojivuna. Bendi yenu idumu, mgombane mchana na jioni muwe mmepatana. Na kila utakapopiga, aliyechoka na kazi aone miguu yake bado ni yake.