Koti Dirishani

Mjomba alinisimulia kisa hiki miaka ya themanini, mwezi uleule aliorudi Voi kutoka matibabu ya saratani ng'ambo. Kaka yake alishuka kutoka Mwanda kumwona, akakataa kuingia chumbani.

“Tangu lini ndugu anasalimiwa gizani? Toka, njoo uani.”

“Nikitoka jua litanichoma, kaka. Dawa niliyodungwa huamshwa na mwanga. Daktari aliniingizia mwale mwekundu wa leza kooni, uvimbe ukafa. Lakini dawa bado imo mwilini mwote.”

“Kwa hiyo taa ikuponye, jua likuue?”

“Ndiyo hivyo.”

 Mzee akaingia, akavua koti lake la kanisani, akaziba nalo ufa wa dirisha. Sijasikia somo la sayansi likieleweka haraka hivyo.

Kaka mtu ametangulia. Mjomba yu hai, na kila asubuhi huota jua mlangoni.