Mboji ya Ueli Juu ya Paa

Mume wangu Ueli hajui kukaa. Miaka ishirini na tisa anaitunza shule ya msingi ya mtaa wetu hapa Basel: anafagia, anaziba mabomba, anawafokea watoto wakiingia na matope. Hayo aliyaweza. Kilichotuponza ni bustani ya juu ya paa la shule, ile iliyo katikati ya paneli za sola.

Bustani ya paa haitaki makuu. Udongo mwembamba, maua ya porini, basi. Hailishwi, hainyweshwi. Ikiwa na njaa mimea hubaki mifupi, haizibi jua, na ubaridi wake huzizuia paneli zisichemke. Ueli aliyajua yote, na cheti cha kutunza bustani hizo anacho. Lakini kiangazi cha mwaka jana kilipoyababua maua, alishikwa na huruma. Mwezi wa tatu akapandisha mboji, ndoo kwa ndoo, kimyakimya. Hata mimi mkewe sikuambiwa.

Jamani, yaliota hayo! Kufika Juni mbigili na majani vilikuwa kiunoni, paneli hazionekani. Umeme ukashuka. Jumamosi mchana ikaja barua ya manispaa: mkaguzi anafika Jumatatu, na mimea ikionekana inazisumbua paneli, itang'olewa yote.

Usiku huo sikulala kwa kugeukageuka kwake, mpaka akaniungamia habari ya mboji. Asubuhi akawa anaizunguka meza tu.

"Kaa ule mkate, bwana, unanitia kizunguzungu!"

"Vreni, watamwaga kokoto kule juu. Kokoto tupu!"

"Si uliyataka mwenyewe? Majuto ni mjukuu."

"Mkasi wa jikoni uko wapi?"

Ilikuwa Jumapili, na hapa kwetu Jumapili kelele ni marufuku. Ukiwasha mashine ya kukata majani Jumapili, majirani wanaita polisi kabla hujamaliza mstari mmoja. Basi tukapanda, wazee wawili, yeye na mkasi wa kukatia kuku, mimi na wa kushonea. Tulikata kutwa, tunanong'ona kama wezi.

"Mnafanya kazi Jumapili?" Bi Vögtli akaita kutoka dirishani kwake, ng'ambo ya barabara.

"Tunachuma maua, jirani!"

"Magunia kumi na moja?"

Ueli hakucheka. Vidole vilikuwa vimemvimba malengelenge na bado anakata, hata maji hataki kunywa.

Jumatatu mkaguzi, Bi Ramseier, akapanda. Akatazama vishina, akatazama takwimu zake za umeme.

"Mmekata, nashukuru. Lakini yataota tena. Mbegu tulizopanda hapa zimetushinda. Nitaandika ing'olewe yote, tuweke kokoto."

Hakuuliza zaidi. Hakuna aliyejua habari ya mboji ila sisi wawili. Ueli amebakiza mwaka mmoja astaafu, nikamfinya mkono: nyamaza, mzee, nyamaza! Niliogopa, sisemi uongo. Yeye macho yake yalikuwa kwenye zaatari fupi tuliyoiacha, nyuki wamejaa.

"Mbegu hazina kosa," akasema. "Nimeweka mboji. Mimi."

"Wewe, Bwana Schaub? Mwenye cheti?"

"Yalikuwa na njaa."

Bi Ramseier akachuchumaa, akausugua udongo kati ya vidole.

"Mboji tutaikwangua," akasema hatimaye. "Maua yatabaki." Akasimama, akanyoosha mkono. "Lakini ufunguo wa paa naomba. Tutampa mtu mwingine."

Ueli akatoa shada lake la funguo mfukoni. Pete ya funguo ilikuwa ngumu na vidole vimemvimba, ufunguo haukutoka. Akajaribu tena, na yule mama anangoja. Nilimkasirikia Ueli, nikamkasirikia mkaguzi, nikayakasirikia na maua yenyewe. Kisha nikamnyang'anya lile shada na kuutoa ufunguo mwenyewe, kwa kucha zangu, maana sikuweza kuendelea kumtazama.